Jina Lisilo na Kitufe

Khairoonisa aliisoma barua mara mbili, akaikunja pale pale ilipokuwa imekunjwa na mwandishi, ndipo akauliza swali lake la kwanza.

"Huyu jirani aliyeandika, anaijua familia yako vizuri?"

"Tulipakana ukuta miaka kumi na moja," Médiatrice akajibu. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha saluni, anasuka kichwa cha mteja aliyepitiwa na usingizi. Vidole havikusimama. "Anatujua hata kwa kikohozi."

"Anasema nyumba ilipoungua, mwezi wa nane, walizika watu wawili. Mama mkwe wako, na mwingine ambaye hawakumtambua."

"Huyo mwingine ni mugeni. Siku zile watu walikimbilia nyumba yoyote yenye mulango."

"Na binti yako Larissa?"

"Larissa iko Kigoma. Nimemusikia."

Alisema hivyo kama mtu aliyeulizwa saa ngapi. Kazi aliyomwita Khairoonisa aifanye ilikuwa fupi: atafute ni kambi gani ya Kigoma, na apate jibu kabla ya Ijumaa. Ijumaa kulikuwa na dereva wa lori aliyekubali kumpakia mpaka Zimbabwe, na kutoka huko Médiatrice angejua mwenyewe la kufanya. Jumatatu inayofuata alikuwa na mahojiano ya karatasi yake ya hifadhi ya ukimbizi. Asiyefika kwenye mahojiano, karatasi inakufa, na aliyetoka bila karatasi harudi tena. Haya yote alikuwa anayajua. Mfuko wa safari ulikuwa umeshanunuliwa, umening'inizwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na bei yake bado imeshonewa kwenye mpini.

Khairoonisa alikuwa mtu wa Chatsworth, kitongoji cha Durban, wa wale Wazanzibari waliohamishiwa huko, na Kiswahili chake kilikuwa cha bibi zake. Miaka ishirini na miwili alikaa kwenye ubao wa simu wa hospitali, akiunganisha watu wasioonana. Tangu astaafu alikuwa anatafuta watu kwa niaba ya mawakili. Wakongo wa mjini walimwita Mama Polisi, ingawa hakuwahi kuvaa sare hata siku moja.

"Mara ya mwisho ulimuona akiwa na miaka mingapi?"

"Kumi. Leo ana kumi na tano."

"Alisema nini? Nipe neno kwa neno."

Médiatrice akafumba macho, vidole vinaendelea. "'Mama, ni mimi. Niko muzima. Tulivuka maji na bateau, sasa tuko Kigoma. Usilie. Nisalimie mapacha.' Voilà. Nimesikiliza mara tisa."

"Jina lake alilitaja?"

"Mutoto atajitaja jina kwa mama yake?"

"Mapacha ni nani?"

Vidole vikasimama.

"Pale Uvira palikuwa mapacha. Kwa jirani."

"Jirani huyu wa barua?"

"Mwingine."

"Wako Durban?"

"Apana."

"Basi wewe uliye Durban ungewasalimiaje?"

Mteja akafumbua jicho moja. "Eish, Mama Polisi! Unamusumbua mutu, na kichwa changu iko nusu. Nitatoka hapa kama kuku wa kunyonyolewa."

"Mutoto alichanganya," Médiatrice akasema, akashika msuko mwingine. "Alikuwa na furaha, akachanganya."

Khairoonisa akaandika kwenye daftari lake: *Mapacha?* Akapiga mstari chini.

Alikuwa na utaratibu mmoja asiouvunja. Kitu cha shahidi hukikagua kwanza mahali ambapo shahidi hayupo. Sauti ya Larissa ilisikika kwenye duka la simu la Urbain, karibu na Warwick. Urbain alikuwa akipokea kaseti kutoka kwa madereva, kaseti za watu waliopoteana katika vita, na sauti zile akaziweka kwenye ukurasa wa intaneti. Kila jina lilikuwa na kitufe pembeni. Ukibonyeza, mtu wako anasema. Basi Khairoonisa hakwenda kwa Urbain. Alivuka robot, zile taa za barabarani, ya West Street, akashuka Smith Street, akaingia duka la uchapaji lenye kompyuta ya kukodi kwa dakika.

Ukurasa ulifunguka polepole, kuanzia juu. Barthélemy. Steve. Constance. Gustave. Larissa. Gracieuse. Hardy. Majina saba, lakini vitufe sita. Gustave hakuwa na kitufe. Alikuwa na msalaba mdogo pembeni.

Akabonyeza Larissa. Kimya. Chini kabisa ya kioo pakatokea mstari mwembamba wa Kiingereza uliosema kuna kosa. Akabonyeza Steve. Kimya. Akabonyeza wote sita, kila mmoja mara mbili.

"Spika zako zinafanya kazi?" akamuuliza mwenye duka.

Mwenye duka akatia diski ya nyimbo. Duka zima likatetemeka. "Sharp?" akauliza.

"Sharp. Zima."

Akaandika: *Jumatano, saa nne na robo asubuhi. Vitufe sita. Sauti: hakuna.* Jana jioni Médiatrice alisikia. Leo asubuhi hakuna kitu, na spika ni nzima. Mtu mmoja tu ndiye mwenye ufunguo wa kuugusa ukurasa ule.

Ngazi za kwa Urbain zilipandisha harufu ya impepho iliyochomwa na wauza dawa za miti kule chini. Juu palikuwa na vibanda vitatu vya simu na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha mezani. Urbain alikuwa mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni.

"Sauti umezitoa lini?" Khairoonisa akauliza kabla hajakaa.

"Bonjour kwanza, Mama."

"Bonjour. Umezitoa lini?"

"Sauti gani tena?"

"Nimefungua ukurasa wako nusu saa iliyopita. Mabubu wote."

Urbain hakushtuka. Alivuta pumzi kama mtu aliyeulizwa habari za mgonjwa wa muda mrefu. Akafunua kompyuta, akafungua ukurasa, akabonyeza Larissa. Kimya. Mstari ule ule wa kosa. Kisha akafungua kivinjari kingine kwenye mashine ile ile, ukurasa ule ule, jina lile lile. Kwenye spika ikasikika "Mama, ni m..." naye akaikata haraka.

"Umeona? Sikutoa kitu. Kivinjari chenyewe hakijui kuimba, Mama. Kinachoimba ni plagini, kijiprogramu unachokipachika ndani yake. Na amri ya kuimba inatoka kwa skripti, yale maandishi niliyoandika ndani ya ukurasa. Donc, ukibonyeza kitufe, skripti inamwambia plagini: wewe, cheza. Kwenye kivinjari hiki wanasikilizana. Kwenye kile kingine plagini iko, skripti iko, mais hawajuani. Skripti inaita, hakuna anayeitika. Miezi mitatu napigana nayo. Nimeandika hivi, nimeandika vile. Nikikitibu hiki, kile kinaanza kuumwa."

"Ubao upo na simu ipo, waya wa kuunganisha haupo."

"Ndiyo hivyo. Wewe umeelewa kuliko mimi."

Khairoonisa akafungua daftari, akaikata ile dhana ya asubuhi kwa mstari mmoja. Ikabaki ya mapacha.

"Nipe za masikioni. Larissa, mpaka mwisho."

Akasikiliza huku anaangalia taxi zikigombania nafasi kule chini. Sauti ilikuwa ya msichana, imekwaruzwa na kaseti, na kuingizwa kwenye kompyuta kuliikwaruza tena. Kwa sauti kama ile hata mtu wa ubao wa simu angekosea. *Nisalimie mapacha.* Akavua za masikioni.

"Sasa Barthélemy."

"Apana, Mama." Urbain akaweka kiganja juu ya kipanya. "Sauti ya mtu kwa ndugu yake si ya mtu mwingine."

"Wewe unazisikia ukizinakili."

"Hata mimi. Nikitoa kwenye kaseti nazima spika. Naangalia tu ile mistari ya kijani ikiruka kwenye kioo, najua sauti iko. Ni kama vibanda vile. Mwenye duka akisikiliza kibandani, kesho hana mteja."

"Basi hakuna mtu aliyezisikia zote."

"Hakuna. Kila mtu anakuja kwa wake."

"Mimi nilishika simu za wagonjwa miaka ishirini na miwili. Sijatoa neno la mtu nje. Ondoa mkono, mwanangu."

Urbain akaangalia vibanda, akaangalia ngazi. Akaondoa mkono.

Khairoonisa akaanza juu, anaandika kila sauti. Barthélemy: mzee, anauliza habari za mguu wa mtu. Steve: kijana, anacheka kabla ya kusema. Constance: mwanamke, anaomba dua kwa Kifaransa. Gustave: hana kitufe. Larissa: msichana, Kigoma, mapacha. Gracieuse...

Akasimamisha kalamu.

"Gracieuse ni mwanamume?"

"Mama! Gracieuse ni musichana."

"Basi ana koo la dereva wa treni. Sikiliza."

Urbain alisikiliza kwa sekunde mbili tu, akavua za masikioni kama zimemuunguza.

"Anamtafuta nani, huyu Gracieuse?"

"Shangazi yake, sijui mama yake mudogo, sikumbuki. Alihama hapa. Hajaja kusikiliza."

Akabonyeza Hardy. Kimya. Chini, mstari wa kosa.

"Hiyo najua," Urbain akasema. "Ndugu ya Hardy alilalamika Jumatatu. Nikamwambia plagini imegoma. Hii kitu inagoma kila siku."

"Imegoma kwa Hardy peke yake, kwenye kivinjari kinachosikia?"

Urbain akabonyeza Hardy tena, kisha tena.

"Niambie habari za Gustave."

Urbain akaanza kufuta meza iliyokuwa safi. "Alikufa. Watu wake walikuja Jumapili, habari imehakikishwa. Kwao sauti ya marehemu haisemi kabla matanga hayajaondolewa. Wakaniomba niitoe. Jina wakasema libaki, jina la mtu halifutwi. Nikatoa plagini yake, nikatoa kitufe, nikaweka msalaba. Ni kosa?"

"Ni heshima. Médiatrice alisikia mara ya kwanza lini?"

"Jumatatu. Ukurasa niliujaribu hapa ndani tu, nikauweka hadharani Jumamosi."

"Plagini ziko ngapi ndani, sasa hivi?"

"Sita. Moja kwa kila sauti. Nimezificha, hazionekani."

"Na skripti inamwitaje wa Larissa? Kwa jina?"

Urbain akafungua maandishi ya ndani ya ukurasa. Akasoma, midomo inacheza. Kisha midomo ikaacha kucheza.

"Kwa namba," akasema. "Namba ya mahali pake, kuhesabu kutoka juu."

"Larissa ni wa ngapi?"

"Kitufe chake kinaita wa tano."

"Nionyeshe wa tano."

Akahesabu kwa kidole juu ya kioo. Barthélemy, mmoja. Steve, wawili. Constance, watatu. Kidole kikafika mahali pa Gustave, na Gustave hakuwapo. Wa nne sasa alikuwa Larissa. Wa tano alikuwa Gracieuse. Wa sita Hardy. Na kitufe cha Hardy kilikuwa kinamwita wa saba, ambaye hayupo.

"Hospitali iliwahi kumtoa mtu kitanda cha nne, wakavisogeza vitanda," Khairoonisa akasema. "Mimi nikaendelea kuunganisha kwa namba za vitanda. Nilimpa mke wa mtu habari za mume wa mwenzake." Akageuza ukurasa wa daftari. "Karatasi iliyokuja na kaseti iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Mwandiko ulikuwa wa mtu mwenye haraka. *Larissa, Uvira, tarehe 14 Julai. Kwa mama yake, Durban. Gracieuse, Kigoma, tarehe 2 Oktoba. Kwa Mama Élisabeth, dada wa mama yake, Durban.*

"Élisabeth ni nani?"

"Alikuwa anauza mahindi ya kuchemsha hapa chini. Alihamia Joburg na watoto wake, wale..." Urbain akaweka mkono mdomoni.

"Wale nini?"

"Mapacha."

"Na mtoto wa dada yake anamwita nani?"

"Anamwita Mama. Kwetu dada wa mama ni mama."

Chini, kondakta wa taxi alikuwa anaita Umlazi, Umlazi. Khairoonisa akaandika mistari minne, akafunga daftari.

"Tengeneza," akasema. "Kila plagini ipe jina la mwenyewe, na skripti imwite kwa jina. Ukimtoa mmoja, mwingine asihame."

Ilichukua saa nzima. Mara ya kwanza kivinjari kilifunga chenyewe. Mara ya pili wote wakawa mabubu, kwa sababu Urbain alitumia jina la Constance mahali pawili. Mara ya tatu Khairoonisa alibonyeza Hardy, na yule mwenye koo la dereva wa treni akasema amefika Makamba, Burundi. Gracieuse akawa msichana wa Kigoma. Kwenye kile kivinjari kingine bado hakuna aliyesema kitu, na Urbain alikiangalia mara moja tu, akakifunga.

Larissa hawakumbonyeza.

"Huyu asikilizwe na mama yake kwanza," Khairoonisa akasema. "Mpigie simu saluni."

Médiatrice alifika na vitana bado mfukoni mwa aproni. "Umeipata kambi, Mama Polisi? Haraka namna hii?"

"Kaa, Médiatrice."

"Nitakaa kwenye lori siku nne. Sema."

Khairoonisa akamwambia akiwa amesimama naye, bila kuzungusha: Gustave alitolewa, namba zikapanda, sauti ya Kigoma ni ya mtoto wa dada yake Élisabeth, na mapacha ni wa Élisabeth, aliyehamia Joburg. Sauti ya Larissa ipo, ni ya mwezi wa saba, Uvira, na hakuna aliyeisikiliza. Médiatrice alimgeukia Urbain. Urbain alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Bonyeza," Médiatrice akasema.

Akasikiliza na za masikioni, mgongo umenyooka. Ilikuwa fupi. Ilipokwisha, akauvuta waya kutoka kwenye mashine.

"Bonyeza tena. Musikie na nyinyi. Nisije nikaambiwa tena nimekosea."

Msichana mwingine akasema ndani ya duka, sauti nzito kidogo kuliko ile ya kwanza, haina haraka. "Mama, ni mimi. Watu wanasema vita inarudi, wanafunga mizigo. Mimi nimekataa. Koko hawezi kutembea tena, nani atamupa maji? Nitakaa na yeye hapa nyumbani. Ukirudi utatukuta."

Mistari ya kijani ikalala.

"Barua haisemi kuwa aliyezikwa na bibi yake ni yeye," Khairoonisa akasema. "Inasema hawakumtambua. Huo si ushahidi."

"Mutu anayetujua kwa kikohozi ameshindwa kumutambua." Médiatrice alisema taratibu, kama anamwelekeza mgeni njia. "Ni moto, Mama. Usinipe sababu ingine."

Khairoonisa akaitia kalamu mfukoni.

Médiatrice akatoa kitana kimoja, akakirudisha mfukoni. "Yule wa Kigoma. Mama yake wa Joburg amejua?"

"Bado," Urbain akasema.

"Mupigie. Mutoto wa watu ameita siku tatu, na ni mimi nilikuwa naitika."

Urbain akaingia kibandani. Kupitia kioo walimwona akisema, kisha akiuweka mkonga wa simu mbali na sikio, maana upande wa pili mtu alikuwa anapiga kelele za furaha, na hata mlango ukiwa umefungwa zilisikika. Médiatrice alisimama akazisikiliza mpaka zikaisha.

Urbain akatoka. "Amesema Mungu akubariki, Mama Larissa."

"Sawa. Sasa na yangu itoe. Jina liache."

"Mama Larissa, tungoje kidogo. Labda kaseti ingine..."

"Nitakaa matanga na sauti yake inasema? Itoe."

Urbain akamwangalia Khairoonisa. Khairoonisa akainamisha kichwa. Urbain akakaa kwenye kiti, akatafuta mistari ile ya skripti, akaifuta mmoja mmoja, akaondoa kitufe. Mwisho akaandika msalaba mdogo pembeni mwa jina.

Khairoonisa akamwondoa kwenye kiti, akashika kipanya mwenyewe. Akaanza juu. Barthélemy akauliza habari za mguu. Steve akacheka. Constance akaomba. Gracieuse akasema Kigoma. Hardy akasema Makamba. Alimwachia kila mmoja aseme neno moja au mawili, akamkata.

"Wamehama?" Médiatrice akauliza nyuma yake.

"Hakuna aliyehama."

Médiatrice akafungua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka kwapani. Alipofika kwenye ngazi akageuka.

"Ile ofisi ya karatasi, Jumatatu, inafungua saa ngapi?"

"Saa mbili," Khairoonisa akasema. "Foleni inaanza saa kumi na moja alfajiri."